Viatu Vilivyotazama Maji

Ko. Kimya. Ko, ko.

Fimbo juu ya jiwe. Sajini alisimama, akaizuia hata pumzi. Ukungu ulikuwa umemeza bwawa, ukuta na mnara, na buti zake mwenyewe alizijua kwa uzito tu. Sauti ilikuwa mbele yake, upande wa maji, ikigonga polepole kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina watu. Ikasogea. Ikasita. Ikagonga mara moja zaidi, ikanyamaza.

"Nani hapo?"

Hakujibiwa. Baada ya kitambo fimbo ilianza tena, sasa kwa haraka, ikienda mbali, mpaka ikabaki sauti ya maji peke yake.

Hakuifukuza. Anayekimbia kandokando ya maji asiyoyaona hutafutwa na wenzake kesho yake. Alingoja jua limfanyie kazi, na jua lilipoupasua ukungu aliona kwamba alikuwa amesimama karibu kabisa na Kizingiti, pale pale jalada lake lilipoanzia.

Bwawa lile lilijengwa na watu ambao wajukuu wao nao wamekwisha kuzeeka. Walichonga mawe kwa mkono, wakayapanga bila pengo, na jiji zima likanywa hapo. Siku hizi jiji linakunywa kwingine. Mabomba yamekauka, mnara wenye milango ya maji umeachiwa njiwa, na kilichosalia chenye faida ni njia inayozunguka maji: tambarare, pana, nyepesi hata kwa magoti ya mzee. Jumapili huja familia na watoto na mipira. Siku za kazi huja wastaafu, mmoja mmoja, watu wasio na wa kuwauliza watarudi saa ngapi.

Mmoja wao alikutwa akielea juzi asubuhi. Alikuwa mpiga chapa mstaafu, mgane, ambaye watembeaji wenzake walimwita Dereva. Alikuwa miguu mitupu. Nyuma ya kichwa alikuwa na jeraha ambalo daktari alisema lingeweza kuwa la jiwe, kabla ya maji au baada yake. Na juu ya Kizingiti palikutwa viatu vya raba vya bluu, vimepangwa sambamba, soksi ndani, ncha zikitazama maji.

Viatu hivyo ndivyo vilivyoifunga kesi. Mkuu wa kituo alivitazama ndani ya mfuko wa plastiki, akasema kwamba anayeteleza hapangi viatu, na anayepanga viatu ameaga. Alitaka jalada mezani kwake kabla ya jioni, limeandikwa kujiua, akatimize mengine. Sajini hakuwa na hoja ya kumpinga. Alikuwa na binti wa marehemu tu, muuza dawa mwenye macho makavu, ambaye usiku wa kuamkia kifo alimwambia baba yake kwenye simu kwamba amemchosha. Binti huyo hakuomba aletewe mkosaji. Aliomba aambiwe kama ni maneno yake yaliyomuua.

Sajini alichuchumaa. Kando ya njia udongo ulikuwa laini, na juu yake vishimo vidogo vya duara vilikuja mpaka Kizingiti, kisha vikarudi vilikotoka. Vingine vilikuwa vibichi, kingo zake kali. Vingine vilikuwa vimeanza kuporomoka. Mwenye fimbo hakuwa mgeni wa leo.

Alikiangalia Kizingiti chenyewe. Hapo ukuta ulikuwa umeshushwa ili maji ya ziada yapite, na maji yalipita membamba kama kioo juu ya ukoka wa kijani wenye utelezi. Zamani palikuwa na daraja la mbao juu yake. Mbao zilichukuliwa zikatengenezwe, na kama vitu vingi vinavyochukuliwa kutengenezwa, hazikurudi. Basi kila aliyetaka kuizunguka njia yote alivua viatu, kwa kuwa soli hapo humwangusha mtu na kisigino kitupu humshika.

Sajini alivua buti, akazishika mkono mmoja, akavuka. Katikati utelezi ulimvuta, akayumba, mkono mtupu ukatafuta kitu cha kushika hewani na haukukipata. Upande wa kulia maji yalikuwa meusi, ya kina. Alipofika ng'ambo alitazama buti zilizoning'inia mkononi mwake. Yeye hakuwaza kuziacha. Mtu anayevuka huvuka na viatu vyake.

"Afande! Soma kibao!"

Mlinzi wa bwawa alikuwa anakuja kwa mwendo wa kupepesuka, ufunguo wa lango ukimning'inia kiunoni, shati limekosewa vifungo. Kibao alichokionyesha kilikataza kuvuka kwa herufi nyekundu.

"Nimekisoma," Sajini alisema akirudi. "Wewe umekisoma?"

"Mimi ndiye niliyekipaka rangi. Wanakipita wakinisalimia."

Mlinzi alikuwa ameshaandikisha maelezo kituoni. Alidai kwamba asubuhi ile alikuwa langoni mapema, akamwona Dereva akiingia peke yake, wakaamkiana vizuri, mzee akaonekana mwenye mawazo. Ni hayo mawazo ambayo mkuu wa kituo aliyapenda. Sajini alivaa buti akiuliza mambo madogomadogo, ya jua na ya njiwa, kisha akauliza bila kuinua kichwa mzee alikuwa ameshika nini siku ile.

"Fimbo yake," alisema mlinzi.

"Dereva hakuwa na fimbo. Binti yake anasema hata alipoumwa nyonga aliikataa."

Mlinzi alianza kurekebisha vifungo vya shati. Sajini alimngoja. Alikuwa ameanza kumpanga mahali pake kwenye kesi: mtu mwenye ufunguo, mwenye uongo, aliyekuwa wa kwanza kuuona mwili. Alimwambia taratibu kwamba mwenye kusema uongo juu ya maiti hutafutiwa sababu, na sababu ikikosekana hutafutiwa pingu.

Uongo ukamtoka kama jino bovu. Hakuwa langoni. Alikuwa amelala. Kila siku ya kazi hulala mpaka jua limchome, na watembeaji wanajua, huingia kwa tundu lililo kwenye ua wa waya. Alipofika alimkuta mzee ameshakuwa wa maji, akaogopa kupoteza kibarua, akajitungia salamu ambayo hakupewa.

"Sasa fimbo uliitoa wapi?"

"Nimezoea tu kuwaona na fimbo, afande. Wale wawili."

"Wale wawili akina nani?"

Hapo mlinzi alicheka kidogo, kisha akajutia kicheko. Alieleza kwamba marehemu hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Aliitwa Dereva kwa ajili ya Abiria. Abiria alikuwa fundi cherehani wa zamani, wa mtaa wa chini, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, na hiyo fimbo ilikuwa yake. Walipofika Kizingiti walivua viatu wote wawili. Dereva alimshika mwenzake mikono yote miwili, akavuka kinyumenyume akitangaza: "Kona! Shimo! Abiria wa nyuma asisimame!" Alipomfikisha ng'ambo alirudi peke yake kuchukua viatu vya wote na fimbo.

"Lakini Abiria haji tena," mlinzi aliongeza. "Alianguka msimu wa mvua, mwanawe akampiga marufuku. Kasema akisikia amekanyaga hapa tena, atamfungia mlango kwa nje."

"Haji tena, au haji ukiwa macho?"

Mlinzi alitazama kibao chake.

Maelezo ya Abiria yalikuwemo jaladani, yamechukuliwa na konstebo mlangoni kwake, mistari michache: alikuwa kitandani na kikohozi, hajatembea na marehemu tangu mvua. Sajini aliyasoma tena kwenye kivuli cha mnara. Vishimo vya fimbo vilitia shaka ya kutosha, ila shaka si ushahidi. Kama wazee walikuwa wawili, basi viatu vilivyoachwa vilikuwa jozi mbili, na polisi waliokota moja. Aliyeondoka na nyingine aliondoka na siri ya asubuhi ile. Na kama Dereva alikuwa peke yake, kwa nini hakuvibeba viatu vyake? Swali hilo lilikuwa na majibu mawili, na moja lilikuwa la mkuu wa kituo.

Aliuchukua mfuko wa kielelezo garini, akaenda kwa binti.

Binti alikuwa nyumbani kwa baba yake, sebuleni, nguo za marehemu zimekunjwa juu ya viti vyote hata pakakosekana pa kukaa. Mezani palikuwa na kikombe kimoja na simu. Alimwondolea Sajini mashati kwenye kiti, akaomba radhi kwa fujo ambayo haikuwepo. Bila kuulizwa alisema kwamba baba yake alimpigia kila jioni kumsimulia habari za bwawa: bata maji wamezaa, njiwa wamegombana, hewa ilikuwa nzuri. Habari za bure kabisa. Siku ile alikuwa ametoka kazini miguu inawaka, akamwambia, baba, umenichosha. Mzee akasema haya mwanangu, lala. Tangu juzi simu hiyo ilikuwa hapo mezani na ilipofika jioni haikulia.

"Viatu ulivitambua ukiwa kituoni," Sajini alisema. "Uliviona kwa nje ya mfuko. Leo nataka uvishike."

Alivaa glavu, akampa na yeye, akavitoa. Binti alikichukua cha kulia. Hakukitazama soli wala kamba. Alitumbukiza mkono mpaka ndani, kama mtoto anayecheza na viatu vya mkubwa, na hapo vidole vyake vikakwama.

"Hiki nini?" binti aliuliza.

Alivuta. Kilitoka kitambaa kilichokunjwa vizuri, kikashonwa ukingoni kwa mshono mdogo wa mkono ili kisifumuke. Cha kushoto nacho kilikuwa nacho.

"Baba hakuhitaji kitambaa," binti alisema polepole. "Kidole chake cha gumba kilikuwa kinakaribia kutoboa. Mimi ndiye niliyemnunulia hivi. Alitaka jozi mbili, namba moja, rangi moja. Nikamuuliza, baba, kwani una miguu minne?"

"Akasemaje?"

"Akasema, siku nyingine ninayo minne."

Waliitafuta jozi ya pili. Hawakuikuta mlangoni, wala chini ya kitanda, wala kabatini. Sajini alijua hawataikuta. Alikitazama tena kile kitambaa. Mshono ulikuwa mdogo, sawasawa, wa mtu ambaye vidole vyake havihitaji macho. Vilivyokuwa mfukoni tangu juzi, vilivyopewa lebo yenye jina la marehemu, vilikuwa viatu vya fundi cherehani.

Alimwomba binti asitoke nyumbani. Hakumweleza zaidi. Binti hakuuliza zaidi, ila alikaa kwenye kiti kingine chenye mashati, juu ya mashati.

Abiria aliishi chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya mwanawe. Mwanawe alikuwa kazini na nyumba kubwa ilikuwa imefungwa. Chumbani palikuwa na kitanda, cherehani iliyofunikwa shuka, na redio iliyozimwa. Fimbo iliegemezwa mlangoni. Mpira wa chini ulikuwa umekatika zamani, umebaki chuma, na chuma kilikuwa na udongo uliokuwa haujakauka.

Mzee alikuwa ameketi kitandani, miguu mitupu, uso ameuelekeza mlangoni kabla mlango haujagongwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Buti hizo nimezisikia asubuhi. Nilidhani utanifuata."

"Nilidhani utanijibu."

"Karibu ndani. Kiti kipo mahali fulani."

Sajini hakukaa. Alivitoa viatu, akaviweka mapajani pa mzee, na mzee akavipapasa kama mtu anayepapasa uso wa anayemjua. Alipofika kwenye ncha, akakosa kitambaa, aliguna. Sajini alimwekea vitambaa viganjani.

"Hivi ni vyangu," mzee alisema.

Aliinama, akatoa chini ya kitanda jozi nyingine ya bluu. Ilikuwa imepanguswa ikang'aa, kamba zimefungwa upya. Aliiweka sakafuni mbele ya Sajini, kisha akasimulia bila kuulizwa, kwa sauti ya chini, mikono ikishona kitu ambacho hakikuwepo.

Walikuwa wakionana kila asubuhi ya kazi, marufuku au hakuna marufuku. Mwanawe akitoka, Dereva huja kumchukua. Siku ile ukungu ulikuwa mzito na Dereva akacheka kwamba leo wote ni vipofu, hakuna wa kumringia mwenzake. Alimvusha vizuri. Alimsimamisha kwenye jiwe la ng'ambo, akarudi kufuata viatu. Abiria alisikia nyayo zake juu ya maji, chap, chap, kisha akasikia mpigo mmoja kama nazi inayodondoka sakafuni, kisha maji yakipokea kitu kizito. Aliita. Aliita mpaka njiwa wakaruka mnarani. Alipiga magoti, akakipita Kizingiti kwa kutambaa, akipapasa maji upande wa kina, mkono mpaka begani. Maji hayakumpa hata ukosi wa shati.

"Lango lilikuwa na kufuli," alisema. "Nililigonga kwa fimbo. Hakuna aliyetoka."

"Ungeenda barabarani. Ungepiga kelele."

"Ningepiga. Alikuwa kashakufa, mwanangu. Nilisikia anavyokufa. Nikafikiri, nikisema nilikuwepo, mlango huu utafungwa kwa nje, na yule wa kunifungulia ndiye hayupo tena. Niliogopa. Sina neno lingine la kuliweka hapo."

Sajini aliuliza swali moja lililokuwa limebaki.

"Na viatu?"

"Nilichukua vyangu. Vyake nikaviacha, ili mjue pa kumtafuta. Nikavipanga vizuri, nikazikunja soksi, nikavielekeza kwenye maji, mtu asije akavipita. Nilipofika huku nikavivaa, mguu ukazama. Hapo ndipo nilipojua nimekosea. Tangu siku hiyo naenda nikitaka kuvirudisha. Nafika pale, fimbo inagonga ukingo, mguu unakataa."

"Mzee, unajua vile viatu vimesema nini?"

"Vimesema yuko pale."

"Vimesema alijiua. Kwa jinsi vilivyopangwa. Ndivyo kilivyoandika kituo, na ndivyo anavyoamini binti yake."

Mikono iliyokuwa inashona ilisimama. Nje, uani, matone ya bomba yalidondoka kwenye beseni. Konstebo aliyekuja kuchukua maelezo alikuwa amemwambia tu kwamba rafiki yake amefia majini, naye akadhani dunia nzima inajua ni utelezi, kwa kuwa yeye aliusikia.

"Nilimpangia viatu," alisema hatimaye, "nikampangia na kifo."

Sajini alimweleza lililokuwa lazima. Kwamba maelezo ya kwanza yalikuwa ya uongo na hilo lina sheria yake. Kwamba ataandika upya, neno kwa neno, na mwanawe atasomewa kwa sababu lazima asomewe. Jeraha la kisogoni sasa lilikuwa na sauti yake, na jalada litasema Dereva aliteleza akifuata viatu. Mkuu wa kituo atauma kalamu, lakini atatia sahihi.

"Kabla ya kituo," mzee aliomba, "nipeleke kwake."

Alivaa viatu vyake baada ya Sajini kuandika vilivyokuwa vinahitaji kuandikwa, vitambaa vimerudi mahali pake. Vya Dereva alivibeba kifuani. Fimbo aliiacha. Njia nzima alimshika Sajini kiwiko, na Sajini, asiyejua kazi hiyo, alimgongesha kwenye nguzo moja na kwenye mkokoteni mmoja.

"Wewe huna leseni," mzee alisema, na hakuna aliyecheka.

Binti alifungua mlango, akaviona viatu kabla ya kumwona mtu. Mzee alisimulia akiwa amesimama kizingitini mwa mlango, akakataa kiti. Hakujipunguzia kitu. Alisema alivyoogopa, akasema na alivyopanga soksi. Binti alisikiliza mkono umefunika mdomo, na alipomaliza, aliuliza jambo ambalo halikuwa kwenye jalada lolote.

"Asubuhi ile, alikuwa amenikasirikia?"

"Nani, Dereva?" Mzee aligeuza uso upande sauti ilikotoka. "Alinisimulia njia nzima. Akasema, binti yangu amenichoka, kama mama yake alivyokuwa akinichoka, na yule alinichoka miaka yote tuliyokaa bila kuondoka. Akasema, jioni nitampigia nimchoshe upya. Bata wale wametotoa tena, hajasikia."

Binti alivichukua viatu. Alitumbukiza mkono ndani, mpaka mwisho, na safari hii haukukutana na kitu. Aliketi sakafuni navyo. Sajini alitazama ukuta, akaangalia saa yake, kisha akaacha kuiangalia. Simu mezani ilikuwa kimya, na jioni ilikuwa inaingia kwa dirisha la sebule.

Mzee alianza kupapasa mlango atoke. Binti aliinuka, akamshika mkono, akamrudisha ndani. Sauti yake ilikuwa na ukali ambao Sajini hakuwa ameusikia kwake.

"Sijakusamehe, mzee. Siku zote hizi ulikuwa na neno la kunitua mzigo mdomoni mwako, ukalala nalo."

"Najua, mwanangu."

"Tukishamzika, siku yangu ya kwanza ya mapumziko nitakuja kukuchukua. Mwanao nitaongea naye mimi. Tutazunguka bwawa lote, na pale kwenye maji nitakushika mikono yote miwili. Viatu tutavifunga kamba, tutavivaa shingoni. Hakuna atakayerudi kuvifuata."